Picha inasema L1 imevunjika: alale, avae mkanda au apasuliwe?

Kaka_wa_Fundi (Kisumu)

Hamjambo wote. Mdogo wangu ana miaka 34, ni fundi wa mjengo. Juzi alianguka kutoka ghorofa ya kwanza huku Mamboleo, kama mita tatu na nusu hivi. Alitua kwa miguu kisha akakalia makalio. Eksirei ilipigwa siku hiyo hiyo, na karatasi inasema pingili ya L1 (ya kwanza ya kiuno) imebonyea mbele na kupoteza theluthi moja ya kimo chake. Miguu anaisogeza yote miwili na mkojo unatoka. Maumivu ni makali akijaribu kuketi, na tangu jana tumbo limejaa hewa.

Daktari wa kwanza alisema alale chali wiki sita. Wa pili akasema avae mkanda na aanze kutembea. Shemeji yetu naye anashikilia kwamba apasuliwe, atiwe vyuma. Naomba mnaoijua kazi hii mnieleze ni nini hasa kinachoamua. Eksirei inatosha? Na MRI ni ya lazima? Bei yake ni nzito kwetu.

Radiografa_Kando_ya_Ziwa

Pole kwa mgonjwa, kaka. Nianze na picha.

Kwa mtu aliyeanguka kutoka urefu huo, eksirei peke yake haitoshi. Pingili ina kipande kinene mbele, ndicho kinachobeba uzito wa mwili, na nyuma yake kuna upinde wa mfupa. Katikati ya hivyo viwili kuna mfereji unaopitisha kamba ya neva inayoshuka kutoka kwenye ubongo. Eksirei ya ubavuni huonyesha vizuri ukuta wa mbele ukibonyea. Ukuta wa nyuma wa kile kipande kinene, ule unaopakana na mfereji, ni mgumu kuuona, na huo ndio wenye habari muhimu. Ukiwa mzima, pingili imebonyea tu. Ukiwa umevunjika, pingili imepasuka, na vipande vya mfupa huweza kusukumwa ndani ya mfereji. Si mara chache karatasi ya eksirei kuandika "imebonyea" halafu CT, picha ya vipande vipande, ikaonyesha kwamba imepasuka.

Ukiwa na filamu mkononi, itazame ile iliyopigwa kutoka mbele. Kila pingili huonyesha viduara viwili, kulia na kushoto. Umbali kati ya viduara vya L1 ukizidi ule wa L2 iliyo chini yake, shuku kwamba pingili imepasuka na kupanuka. Tazama pia miiba ya nyuma. Kukiwa na mwanya usio wa kawaida kati ya mwiba wa T12 (pingili ya mwisho ya kifua) na wa L1, huenda kano zinazofunga mgongo kwa nyuma zimekatika. Dalili hizi zinakuambia CT iharakishwe. Zisipoonekana, hujapata ruhusa ya kuiacha.

Kwa hiyo omba CT yenye vipande vyembamba, milimita 1 hadi 2, na mwambie fundi wa mashine atoe pia mtazamo wa ubavuni na wa mbele, si vipande vya kukata upana pekee. Mtu akivunjika pingili moja kwa nguvu kubwa, nyingine iliyo mbali inaweza kuwa imevunjika pia bila kujitangaza kwa sababu maumivu ya ile ya kwanza yameifunika. Ndiyo maana mgongo wote hupigwa, kuanzia shingoni. Na jambo linalosahaulika sana: aliyetua kwa miguu apigwe picha ya visigino. Kisigino na L1 huvunjika pamoja mara nyingi kiasi kwamba ukiona kimoja unatafuta kingine.

MRI, picha inayopigwa kwa sumaku, huonyesha yale ambayo CT haioni vizuri: kamba ya neva, kano, diski na damu iliyovuja. Inakuwa ya lazima kukiwa na ganzi, udhaifu wa mguu, mkojo kugoma au kutoka bila taarifa. Pia inahitajika CT ikiacha shaka kuhusu kano za nyuma, au kukishukiwa TB au saratani. Kama hakuna hata kimoja kati ya hivyo, na CT iko wazi, weka pesa zako kwanza.

Mkihamishwa, bebeni CD yenye picha zenyewe. Karatasi ya majibu ni maoni ya aliyeisoma, na daktari wa upasuaji atataka kuona kwa macho yake. Pigeni simu pia kuuliza kama mashine inafanya kazi kabla ya kumsafirisha.

Tabibu_Mifupa (Kakamega)

Naunga mkono yote ya Radiografa. Sasa swali la nini kinachoamua.

"Amevunjika mgongo" ni maneno yanayotisha bila kueleza. Kuna watu watatu waliovunjika L1: mmoja anatembea kesho, mwingine anapasuliwa leo usiku, wa tatu hatatembea tena. Kinachowatenganisha ni umbo la mvunjiko, hali ya kano za nyuma, na hali ya neva. Madaktari wengi wa mgongo hutumia jedwali la alama liitwalo TLICS, lililotolewa mwaka 2005. Pingili iliyobonyea inapata 1, iliyopasuka 2, iliyoteleza au kuzunguka juu ya mwenzake 3, iliyovutwa ikaachana 4. Kano za nyuma zikiwa nzima ni 0, zikishukiwa 2, zikikatika 3. Neva zikiwa salama ni 0. Mzizi mmoja wa neva ukiumia ni 2. Kamba ikiharibika kabisa ni 2. Ikiharibika nusu ni 3, na fungu la neva lililo chini ya kamba likibanwa ni 3.

Jumla ya 3 kushuka chini hutibiwa bila upasuaji. 5 kwenda juu hupasuliwa. 4 iko mikononi mwa daktari na mgonjwa. Ona kwamba aliyeharibika nusu anapata alama nyingi kuliko aliyeharibika kabisa. Sababu ni kwamba bado ana kitu cha kuokolewa, na mfupa unaoyumba unaweza kukimaliza. Mgonjwa wa aina hiyo hangoji foleni. Tunalenga afunguliwe mfereji ndani ya saa 24.

Mdogo wako, kwa unavyoeleza, ana 1 au 2 iwapo kano ni nzima. Hapo vyuma havina kazi ya kufanya. Shemeji anataka mema, lakini upasuaji huu una hatari zake: damu, usaha kwenye kidonda, skrubu kukosa njia na kugusa neva.

L1 huvunjika sana kwa sababu ya mahali ilipo. Kifua kimefungwa na mbavu, hakipindi sana, kiuno kinapinda. Nguvu ya kuanguka hukusanyika pale viwili hivyo vinapokutana, kati ya T11 na L2. Shida ni kwamba kamba ya neva ya mtu mzima nayo huishia hapo hapo, kwenye L1 au L2, na ncha yake ndiyo inayosimamia kibofu na haja kubwa. Mtu anaweza kupiga teke kwa miguu yote miwili na bado kibofu kikawa kimeumia.

Kwa hiyo "mkojo unatoka" usikuridhishe. Je, anahisi umejaa? Akikojoa, anamaliza? Kibofu kilichopooza hujaa hadi kufurika, na watu wa nyumbani huona matone wakadhani ni mkojo wa kawaida. Aombe apimwe mkojo unaobaki baada ya kukojoa. Ukizidi mililita 200, hilo ni jambo la siku hiyo hiyo. Daktari pia apime hisia kuzunguka njia ya haja kubwa kwa ncha ya pini na kwa pamba, na aingize kidole kuona kama msuli unabana. Mgonjwa ataona haya, lakini kipimo hicho hakirukwi. Miguuni kila kiungo kina neva yake: kuinua paja ni L2, kunyoosha goti L3, kuinua wayo L4, kuinua kidole gumba L5, kusukuma wayo chini S1. Nguvu huandikwa kwa namba 0 hadi 5, na hurudiwa kila zamu. Namba ikishuka, daktari aamshwe.

Tumbo kujaa hewa: damu inayovuja nyuma ya tumbo karibu na pingili huyalaza matumbo kwa siku chache, na dawa ya maumivu kama tramadoli huongeza. Lakini akianza kutapika, tumbo likakaza, au joto likapanda, aangaliwe upya, kwa kuwa utumbo au wengu unaweza kuwa umeumia katika anguko lile lile.

Na kulala wiki sita? Hapana, labda tu pale ambapo mvunjiko hauna uthabiti na hakuna uwezekano wa kupasua. Kulala huko huleta damu kuganda kwenye miguu, nimonia, vidonda vya mgongo na misuli kuyeyuka. Mpaka CT isomwe, alale chali na ageuzwe kwa utaratibu. CT ikisema mfupa umetulia, aamke.

Mwana_Molo

Samahani kuingilia, naona hapa kuna wataalamu. Mama yangu, miaka 68, yuko Molo. Aliinua jerikeni ya lita 20, akasikia kitu kikikatika mgongoni. Hakuanguka. Eksirei Nakuru imeonyesha T12 imebonyea. Matibabu ni yale yale?

Tabibu_Mifupa (Kakamega)

Mwana_Molo, shikamoo zake mama. Mfupa ni ule ule lakini swali ni tofauti. Kwa fundi tunauliza ameumia kiasi gani. Kwa mama tunauliza kwa nini mfupa wake umevunjika kwa mzigo anaoubeba kila siku.

Jibu la kawaida kwa mama wa umri huo ni mifupa kupungua uzito baada ya hedhi kukoma. Kipimo chake huitwa DEXA, na matokeo ya -2.5 kushuka chini yanathibitisha. Hata bila DEXA, pingili iliyobonyea kwa mzigo mdogo, baada ya kuondoa magonjwa mengine, inatosha kuanzisha dawa. Alendroneti miligramu 70 humezwa mara moja kwa wiki, asubuhi kabla ya kula, na glasi nzima ya maji, kisha akae wima nusu saa bila kulala wala kula. Akiimeza na chai kitandani, itamchoma koo na haitafyonzwa. Figo zipimwe kwanza. Kalsiamu miligramu 1,200 kwa siku ukijumlisha chakula. Maziwa na omena vinasaidia sana.

Ila msiandike "uzee" kabla ya kuondoa mengine matatu. TB ya mgongo: maumivu ya wiki nyingi, jasho usiku, kupungua mwili, kibiongo kinachochomoza. Kwenye picha, TB hula diski pamoja na pingili mbili zinazopakana nayo, ilhali saratani kwa kawaida huiacha diski. Ikishukiwa, kipande kichukuliwe kwa sindano kipimwe kwa GeneXpert, kipimo cha maabara cha TB, na VVU vipimwe pia. Dawa zake huenda miezi 9 hadi 12, si 6 kama ya mapafu. La pili ni saratani iliyosafiri: matiti kwa mama, tezi dume kwa mzee. La tatu ni saratani ya uboho, inayojitokeza kwa upungufu wa damu, figo kulegea na maumivu ya mifupa. Hesabu kamili ya chembe za damu, ESR (kipimo cha damu cha uvimbe wa ndani), kalsiamu na figo ni vipimo vya bei nafuu na vinaonyesha njia.

Nyongeza kwa wasomaji wa kanda ya ziwa. Mtoto ambaye miguu inalegea ndani ya siku chache bila kuanguka, msimkande wala kumngoja. Huku kwetu limfoma ya Burkitt, saratani ya watoto, hubana kamba ya neva, na dawa zake zikianza mapema miguu inaweza kurudi.

Kuhusu kudungwa saruji kwenye pingili: majaribio mawili yaliyochapishwa mwaka 2009 yalilinganisha na sindano ya kuigiza, na maumivu yalipungua sawasawa. Msiuze shamba kwa ajili yake.

Sista_wa_Wodi

Naongeza upande wa uuguzi, maana wengi huharibikia njiani na wodini.

Njiani kwanza. Aliyeanguka au kugongwa asibebwe mikono na miguu, wala asipakiwe katikati ya watu wawili juu ya boda. Mgongo unakunjwa pale pale ulipovunjika. Piga 1199 au 999. Ambulensi isipopatikana, tafuta ubao mpana au mlango, na pikapu yenye nafasi ya kumlaza. Watu watano ni vizuri: mmoja anashika kichwa kwa mikono miwili na ndiye anayehesabu, watatu ubavuni kwenye mabega, kiuno na magoti, wa tano anasukuma ubao chini yake. Wote wanamgeuza kama gogo, kwa pamoja, pua ikielekea sawa na kitovu. Lakini pumzi na damu inayotoka hutangulia mgongo. Ukiwa peke yako na anakabwa na matapishi, mgeuze.

Akifika hospitali, atolewe kwenye ubao upesi. Ubao ni wa kusafirishia. Ngozi ya mtu asiyehisi huanza kufa kwa muda mfupi juu ya kitu kigumu, na kidonda cha kiunoni hufunguka siku kadhaa baadaye, watu wakiwa wameshasahau ubao.

Mgonjwa aliyeumia juu, shingoni au kifuani, akiwa na presha ya chini na mapigo ya polepole huku ngozi ikiwa na joto, huo ni mshtuko wa neva. Wa kupoteza damu huwa na mapigo ya haraka na ngozi baridi. Msiuchanganye, maji mengi ya mishipa hayatibu ule wa kwanza, humjaza mapafu.

Kwa aliyepooza: ageuzwe kila saa 2 usiku na mchana, saa iandikwe. Visigino visiguse godoro, weka mto chini ya mashavu ya miguu. Msimwekee chupa ya maji moto penye ganzi. Mpira wa mkojo wa kudumu ni wa siku za mwanzo. Baadaye afundishwe kujitoa mkojo kwa mpira mwembamba kila saa 4 hadi 6, kila mara usizidi mililita 500, mikono ikiwa imeoshwa kwa sabuni. Aliyeumia T6 (pingili ya sita ya kifua) kwenda juu akiumwa kichwa ghafla, jasho likamtoka usoni na presha ikapanda, mketisheni wima na mtazame kama mpira wa mkojo umejikunja. Ukiwa wazi, tazameni choo kigumu. Hiyo ni dharura, presha inaweza kupasua mshipa wa ubongo.

Kuhusu gharama: Katiba ya 2010, kifungu cha 43(2), inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Asajiliwe SHA, bima ya afya ya serikali, mapema, kabla ya kufikiria rufaa. Kwa ukanda wetu hospitali kubwa za rufaa ni Jaramogi hapo Kisumu na Moi kule Eldoret. Ya ukarabati wa mgongo ni hospitali ya taifa ya majeraha ya uti wa mgongo, Nairobi.

Kaka_wa_Fundi (Kisumu)

Asanteni sana, Mungu awabariki. CT imetoka. L1 imepasuka, kipande kimeingia mfereji asilimia 20, kano za nyuma zinaonekana nzima, hakuna pingili nyingine. Kisigino cha kulia kina ufa mdogo, kweli kama Radiografa alivyosema. Mkojo uliobaki ni mililita 40, hisia zote zipo, tumbo limeshuka. Daktari amesema hakuna upasuaji. Lakini asilimia 20 ya mfupa ndani ya mfereji, tutamwacha nayo hivyo hivyo?

Viungo_Bungoma

Ndiyo, mwacheni nayo. Neva zikiwa salama, kipande hicho hakitolewi. Mwili wenyewe humung'unya mfupa ulio ndani ya mfereji kwa miezi, na mfereji hupanuka tena. Daktari wenu amepima sawa: 2 ya kupasuka, 0 na 0.

Mimi kazi yangu ni kumwamsha. Dawa ya maumivu nusu saa kabla. Asijikunje kuketi kutoka chali. Apinde magoti, ageuke ubavu mzima kwa pamoja, ashushe miguu kando ya kitanda huku akijisukuma kwa kiwiko na kiganja. Akae dakika chache, kizunguzungu kipite, kisha asimame na fremu. Kwa sababu ya kisigino, asikanyage kwa mguu wa kulia mpaka daktari wa mifupa aruhusu.

Mkanda: kwa pingili iliyopasuka yenye neva salama, utafiti umeonyesha waliovaa na wasiovaa hufika pale pale. Wengine huhisi maumivu yamepungua wakiuvaa, na hiyo ni sababu halali. Ukitolewa, uwe ule mgumu uliotengenezwa kwa kipimo chake, unaoanzia kifuani hadi nyongani. Mkanda wa mpira wa duka la dawa haushiki L1. Avae juu ya fulana ya pamba na auvue akilala. Kila jioni mtazame mifupa ya nyonga na mbavu. Wekundu usioondoka baada ya nusu saa unamaanisha mkanda urekebishwe.

Kitu kimoja msikubali kukiruka: eksirei ya akiwa amesimama, kabla ya kutoka wodini. CT hupigwa amelala, uzito haupo. Akishaanza kusimama, pingili inaweza kubonyea zaidi, na mpindo ukiongezeka sana daktari ataifikiria upya habari ya vyuma. Kwa kuwa mguu mmoja haukanyagi, asimame akishikilia fremu, au apigwe ameketi wima. Rudieni wiki ya 2, ya 6 na ya 12, na kila mara mpindo upimwe kwa nyuzi na kulinganishwa na picha ya kwanza.

Wiki 6 za mwanzo asiinue zaidi ya kilo 5, asiiname, asijizungushe kiuno. Kutembea ni dawa yake: mara nyingi, kidogo kidogo, akiongeza kila siku. Baada ya wiki ya 6 tunaanza misuli ya mgongo na tumbo. Kupanda jukwaa na kubeba simiti si kabla ya mwezi wa 3 au wa 4, na picha iwe imekubali. Mfuko wa kilo 50 uje mwisho kabisa. Asivute sigara, mfupa wa mvutaji huchelewa kuunga.

Akiwa nyumbani, arudi hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku, akiona ganzi sehemu anayokalia, mguu kulegea, mkojo kukataa, au shavu moja la mguu kuvimba na kuuma. Hiyo ya mwisho ni damu iliyoganda, na kwa aliyevunjika mgongo na kisigino kwa pamoja hatari yake ni kubwa zaidi. Muulize daktari leo kama anastahili sindano ya enoksaparini, ya kuzuia damu kuganda, hadi atakapotembea vizuri.

Kaka_wa_Fundi (Kisumu)

Nimemuuliza. Ameandika miligramu 40 kila jioni, na eksirei ya kusimama ni kesho asubuhi.